Farasi Namba Moja wa Kilmurragh

Umma unaarifiwa kwamba tangu Jumanne iliyopita, damu safi ya farasi wa parokia yetu ya Kilmurragh, Galway magharibi, imeanza rasmi kuwepo. Kabla ya hapo walikuwa wanazaana tu.

Mimi ndiye katibu wa Kamati ya Daftari, linaloandika farasi wa ukoo bora. Kalamu na muhuri ni vyangu. Kanuni ya Kwanza inasema farasi ataandikwa iwapo baba yake ameandikwa. Kwa kuwa daftari lilikuwa tupu, hakuna aliyestahili, jambo linaloonyesha viwango vyetu vilivyo vya juu. Mwenyekiti, Bwana Festus Lydon, akatukwamua: farasi wake dume aandikwe Namba Moja bila kuulizwa baba, maana mama yake aliogelea kutoka meli ya Kihispania iliyozama hapa pwani. Meli ilizama miaka mia tatu na ushee iliyopita. Kamati ikasifu afya ya mama huyo.

Ndipo Bi Sabina Mulkerrin, mjane, akamleta farasi wake jike wa kijivu. Kanuni ya Nne ni kali: farasi akikataliwa, marufuku kulishwa kwenye malisho ya parokia mlimani, na watoto wake wote wanafutwa daftarini. Bila malisho ya mlimani angelazimika kumuuza, na nani angembebea mwani wa kurutubishia viazi? Akamsogeza mbele kwa kamba.

“Mkimbize tumwone,” Mwenyekiti akaamuru.

Bi Sabina akakimbia naye matopeni, na magoti yake mabovu vile vile.

“Shingo fupi. Ukoo wake?”

“Mama yake alikuwa wa mama mkwe wangu.”

“Haujulikani. Amekataliwa.”

Nikagonga muhuri.

“Katibu, baba,” Bi Sabina akasema, “hebu nisomee tena hiyo ya Nne.”

Nikasoma, kwa sauti ya kiofisi.

“Basi mfute na Namba Moja. Mama yake ndiye huyu. Marehemu mume wangu alimuuzia Festus hako kafarasi sokoni, kameachishwa ziwa juzi tu.”

“Mama yake aliogelea,” Mwenyekiti akasisitiza.

“Huyu? Huyu anaogopa hata dimbwi, mwanangu.”

Umati ukaangua kicheko. Nusu yao walikunywa bia ya kusherehekea mauziano hayo siku ile. Mimi nilikunywa mbili.

Kamati ikajifungia dakika nne. Watoto arobaini wa Namba Moja walikuwa wakingoja kuandikwa, sita kati yao wa wanakamati. Tulipotoka, shingo ya jike ilikuwa imerefuka kwa kauli moja. Lakini utaratibu ni utaratibu: ukaguzi urudiwe, farasi akimbizwe upya.

“Magoti yangu yamegoma,” Bi Sabina akasema, akajikalia kwenye kiti cha Mwenyekiti. “Festus, shika kamba.”

Bwana Festus akakimbia na viatu vyake vya kanisani. Bi Sabina akaomba arudie, hakuona vizuri. Akarudi akihema, tope hadi kwenye kola.

“Shingo fupi,” Bi Sabina akaninong'oneza, na hakuwa akimtazama farasi. “Ila muandike tu, baba. Ana bidii.”