Wiki Niliyotafuta Ugomvi Kitomanga

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Mafunzo ya vijana ya amani na usuluhishi yameanza leo, ukumbi wa ofisi ya kata. Tuko washiriki thelathini na wawili. Mwezeshaji ni Bi Stefania, katoka Lindi mjini, Rasbura. Mama mpole. Kasema Ijumaa atachagua kijana mmoja awe msuluhishi wa kata. Atapewa kizibao cha kijani chenye maandishi mgongoni. Nimekiona. Saizi yangu kabisa.

Somo la kwanza, kusikiliza. Mwenzako anaongea dakika tatu, wewe kimya. Nilipangwa pamoja na Optatus, yule anayepuliza dawa kwenye mikorosho ya watu, mtu asiyeongea mpaka aulizwe. Alinisikiliza dakika zote tatu. Zamu yangu nilidumu sekunde ishirini hivi. Lakini ushauri niliomkatiza nao ulikuwa mzuri.

Sharti moja: atakayechaguliwa awe amesuluhisha ugomvi wa kweli ndani ya wiki hii. Rahisi!

Jumanne, 6 Agosti

Si rahisi. Kitomanga nzima inapatana! Nimezunguka tangu asubuhi. Mzee Hussen na jirani yake, waliogombania mbuzi tangu Ramadhani, nimewakuta wanakunywa uji pamoja. Nikampa mzee shikamoo, nikamkumbusha habari ya mbuzi. Kaitikia marahaba, kasema yalishakwisha, nisimchokoze.

Mchana, habari mbaya. Optatus kawapatanisha mashemeji wawili waliokuwa wakigombania zamu ya kupuliziwa dawa. Katumia dakika kumi. Bi Stefania kaandika jina lake kwenye bango, kwa wino mwekundu.

Ikabidi nifikiri. Ugomvi usipopatikana, utengenezwe. Mdogo tu, wa kuanza saa nne na kwisha kabla ya chai ya jioni. Nimewachagua wapishi wetu wa mafunzo, dada Umi na dada Brigita. Marafiki wa miaka tisa, wanapikia jiko moja. Binti wa mwisho wa Brigita anaitwa Umi, kapewa jina la rafiki. Watu wa namna hiyo hawawezi kugombana sana. Hakuna hatari yoyote.

Nikamwambia Umi, kwa siri, kwamba Brigita anasema wali wake una mawe. Nikamwambia Brigita, kwa siri, kwamba Umi anashangaa vichwa vya samaki vinakwenda wapi.

Jumatano, 7 Agosti

Imefanya kazi. Imezidi, hata. Asubuhi majiko mawili, kila moja upande wake wa ofisi. Hawasemezani. Chumvi wanatumiana kupitia kwa mlinzi.

Nikawaita nyuma ya tangi la maji, daftari mkononi. Nikawapa utaratibu: kila mmoja aseme anavyojisikia, bila kumlaumu mwenzake. Umi akasema anajisikia mtu ambaye wali wake una mawe. Brigita akasema anajisikia mwizi wa vichwa vya samaki.

“Nani kakwambia?” Umi akauliza.

“Mtu mwaminifu.”

“Na mimi kaniambia mtu mwaminifu.”

Niliguswa. Sijawahi kuitwa mwaminifu mara mbili kwa siku moja.

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikasema tuchimbe mizizi ya mgogoro, kama Bi Stefania alivyotuchorea. Wakachimba. Ikatoka habari ya msiba ambao Umi hakuhudhuria. Ikatoka sufuria iliyoazimwa nzima ikarudi imetoboka. Mwisho Brigita akasema kuanzia leo mwanawe ataitwa jina lake la ubatizo, Happiness. Umi alifunga khanga yake vizuri, akaondoka.

Jioni nimepita kwa Brigita. Kasimama mlangoni anaita Happiness, Happiness! Mtoto yuko hatua tano tu, anacheza mchangani. Haitiki. Hajui ni nani huyo anayeitwa.

Alhamisi, 8 Agosti

Brigita hakuja. Umi kapika peke yake. Wali umeungua, maharage hayajaiva. Tumefundishwa mahitaji ya msingi ya binadamu tukiwa na njaa. Washiriki wamelalamika. Mimi pia nimelalamika, nisije nikashukiwa.

Kisha nikasikia kwamba Brigita anafunga mizigo. Jumapili anarudi Rondo kwa mama yake, yeye na watoto wote. Sikutaka mtu ahame.

Nikafikiria kukiri. Nikapata njia bora zaidi. Nimemwendea Umi, nikamwambia Brigita anataka kumwomba radhi, saa kumi, kwenye tangi. Nimemwendea Brigita, nikamwambia Umi anataka kumwomba radhi, saa kumi, kwenye tangi. Wote wamekuja. Wamekaa.

“Haya, nakusikiliza,” Umi akasema.

“Mimi ndiye ninayekusikiliza wewe.”

Robo saa nzima! Bi Stefania kapita, akaninong'oneza kwamba hajaona usikivu wa namna hiyo tangu aanze kufundisha. Nikaitikia kwa kichwa. Halafu Brigita akainuka, akasema haji tena mahali pa kudhalilishwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

Ijumaa, 9 Agosti

Optatus kaniharibia. Asubuhi kaenda kwa Umi, akaenda kwa Brigita, akawauliza swali moja tu: huyo mtu mwaminifu ni nani? Wametaja jina moja. Kanikuta nanawa uso kisimani. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

“Likwata, kawaambie mwenyewe kabla ya swala. Mimi sitakusemea.”

Nikaenda. Umi kaja nami hadi kwa Brigita. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikaniishia mlangoni. Nikasema ni mimi. Hakuna aliyesema mawe. Hakuna aliyesema vichwa.

Brigita akaniuliza kwa nini.

Nikasema, kizibao.

“Kizibao gani?”

“Cha kijani. Cha usuluhishi.”

Umi akamtazama Brigita, Brigita akamtazama Umi. Mabega ya Umi yakaanza kutikisika. Nikadhani anacheka. Alikuwa analia. Brigita akamkumbatia, wakalia wote wawili, mimi nimesimama kama nguzo ya umeme kati ya mizigo iliyofungwa. Mtoto akachungulia mlangoni. Umi akafuta macho kwa ncha ya khanga, akaita, “Somo yangu, njoo.” Mbio! Kamrukia mapajani.

Nikaona nami niseme neno la amani. Brigita akaniambia nikisema neno lolote atanimwagia maji ya moto. Nikafungua mizigo yao, mmoja mmoja. Mchana nimeosha sufuria zote za mafunzo, na ile iliyotoboka.

Kizibao kapewa Optatus. Kinambana kwapani. Angalau hilo.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimetafakari kwa utulivu. Juzijuzi tu wale dada walikuwa marafiki wa kawaida tu. Leo nimewakuta wanapikia jiko moja, wanacheka, wanapendana kuliko mwanzo. Msiba umezungumzwa, sufuria imezungumzwa. Sasa, nani kaanzisha yote hayo? Si Optatus! Yeye kauliza swali moja.

Nimemwandikia Bi Stefania ujumbe mrefu kumweleza. Kanijibu nipumzike. Lakini mwishoni kaongeza kwamba Oktoba watarudi kuchagua msuluhishi wa pili, na mada itakuwa migogoro ya mipaka ya mashamba.

Alasiri nimetembea hadi kule bondeni. Evaristo na Klementi wamepakana huko, mikorosho ya huyu na ya yule. Watu wazuri. Hawajawahi kugombana hata siku moja. Kigingi cha mpaka kimekaa imara, pale pale kilipowekwa na baba zao.

Nimekitikisa kidogo, kuona tu kama kinang'oka.

Kinang'oka.