Vita vya Luhaga na Mdomo wa Pampu

Tegeni masikio, enyi mfunguao koki, mkajaza ndoo na kwenda zenu bila hata asante! Zimeni redio, watulizeni watoto, maana nawasimulia habari za Luhaga, Simba wa Spana, Mlinzi wa Pampu ya Kilimani hapo Nansio, aliyepigana na bomba lake mwenyewe, na nusura bomba limshinde.

Mjue kwanza kosa la jeshi letu. Sisi watu wa kisiwa tumezoea kuvuta mitumbwi nchi kavu kwa wimbo, na mtumbwi haujawahi kulalamika. Basi kila bomba lilipokataa kukutana sawasawa na mdomo wa pampu, pale maji yanapotokea, Luhaga alimwita Ngosha, kiongozi wa nyimbo, pamoja na majabari wake. Wakalivuta kwa kamba, wakaimba hadi kunguru wakahama, naye Luhaga akapachika bolti upesi kabla halijarudi. Lilikaa, lakini lilikaa kwa kinyongo, likiuvuta mdomo ule usiku na mchana, hata pampu ilipopata moto na kutetemeka, mdomo ukapasuka. Ukachomelewa, ukavutiwa bomba kwa wimbo mtamu zaidi, ukapasuka tena.

Sasa sikieni msiba wenyewe. Mama Kokugonza, mkwewe Luhaga, alikuwa amevuka ziwa kutoka Bukoba kuja kumwona mjukuu. Asubuhi hiyo akakuta mitungi mikavu, akafunga kanga kiunoni, akatwaa ndoo. Mama mkwe amchotee maji mkwewe, tena mkwe fundi wa maji! Aibu hiyo ziwa zima haliioshi.

Luhaga akamwahi mlangoni pa nyumba ya pampu, iliyopakana na nyumba yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Naenda ziwani."

"Mama, nakusihi, usiende! Maji yanakuja."

"Haya." Akaipindua ndoo, akaikalia. "Mjukuu wangu akililia uji, nainuka."

Luhaga akamgeukia Alexander, injinia aliyeleta mdomo mpya na kiungo cha mpira, kifupi, kinene, chenye mikunjo kama shingo ya mtoto aliyenona.

"Ewe Injinia, jeshi langu liko tayari! Toa amri tuvute!"

"Msivute kitu," akajibu Alexander. "Bomba tulikate upya, lilale kwenye egemeo lile la zege lililokwisha kukauka, lisiiegemee pampu. Likishanyooka, mpira ukae katikati, umeze mtetemo na joto. Vyuma hivi vya pembeni vitauzuia usitanuke maji yakisukuma. Na bolti ikikataa kuingia kwa vidole, jueni mmekosea."

Ngosha akafura. "Bomba bila wimbo? Tutawaambia nini wajukuu, kwamba tulikaa?"

Luhaga aliumia, nasema wazi. Siku za kuvuta bomba ndizo pekee ambazo kisiwa kilimwita jabari. Siku nyingine alikuwa yule wa "maji hayatoki". Akamtazama mama mkwe juu ya ndoo.

"Kaeni chini, wanaume," akanena.

Wakakaa. Msumeno ukalia, mdomo mpya ukafungwa, bomba likalazwa, mpira ukawekwa. Ndipo Simba wa Spana akaiweka spana chini, akaishika bolti kwa vidole viwili, akaisogeza kwenye tundu huku jasho likimtiririka. Ikaingia. Ikaingia kwa upole, kama mtu aingiaye nyumbani kwake.

Mara mtoto akalia kutoka jikoni. Mama Kokugonza akainuka, akaichukua ndoo. Luhaga akawasha pampu, nayo ikaunguruma, ule mpira ukitetemeka peke yake na mdomo umetulia tuli. Akarukia koki ya mlangoni. Koki ikakohoa, ikatema tope, kisha maji! Ndoo ikajaa.

Mama Kokugonza akayatazama maji, akawatazama majabari waliokaa kama wageni wa harusi.

"Kumbe ilikuwa inawezekana hivi," akasema, "na binti yangu akachota ziwani mwaka mzima?"

Shujaa wetu aliinama, akajitwika ile ndoo kichwani mwake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya Ngosha na jeshi lote, akaipeleka hadi jikoni kwa mkewe.

Iandikwe katika historia ya kisiwa: uji ulipikwa.