Picha ya Susu Kando ya Dirisha

Leo nimeaibika, na sijui kesho nitapitia wapi kuenda sokoni.

Niko hapa Muthetheni kwa Susu, nyanya yangu, nikitafuta kazi ya kupiga picha. Kuna mpiga picha mmoja wa Machakos mjini, tunamwita Mwalimu, ako na grupu ya WhatsApp ya wanaojifunza. Unaweka picha, anakukosoa. Msimu huu wa harusi anataka msaidizi, na alisema atamchagua leo kabla ya saa sita. Sharti moja: picha ya sura ya mtu, mwanga wa jua tu, flashi hapana.

Mimi hukosolewa mpaka nasikia njaa. "Mueni, umechoma paji la uso kwa mwanga." "Mueni, huyo ana macho ama mashimo?" Juzi akaniambia nitoe rangi, rangi ndiyo inaniharibia. (Kumbe ananichimbia shimo.)

Asubuhi nikamkalisha Susu kando ya dirisha, kitambaa kichwani, mikono kwa magoti.

"Usicheke, Susu."

"Nicheke nini na sijakunywa chai?"

Mwanga ukakaa upande mmoja wa uso, ule mwingine ukabaki giza. Nikapiga, nikatoa rangi. Wueh! Hata mimi nilijiogopa. Nikatuma kwa Mwalimu. Na kwa sababu ya kiburi, nikaweka pia kwa grupu ya familia na kwa statasi. Bila neno hata moja, nikasema picha ijisemee.

Ikajisemea.

Susu akachukua jembe akaenda shamba ya ng'ambo ya mto. (Simu yake huiacha kwa kabati.) Yangu ikazima, na stima zilikuwa zimepotea tangu jana, nikaenda kuichaji sokoni kwa duka lenye sola. Nikiwa hapo, jirani yetu Mama Mutuku akaingia, akanunua sukari na majani ya chai. Akanishangaa.

"Mueni, uko huku?"

"Nachaji simu."

"Simu! Haya. Jikaze, mwanangu. Mungu ndiye anajua."

Nilidhani amesikia ile habari ya kazi. Nikamwambia, "Asante, mama. Hata mimi hii siku nimeingojea sana." Akaniangalia vile mtu huangalia nyoka.

Chaji ilipoingia kidogo nikarudi. Nikasema nitaiwasha nyumbani nikiwa nimekaa, ndiyo nifurahie vizuri.

Boma imejaa watu! Akina mama wa kanisa wamebeba kuni, sufuria kubwa iko motoni, wanaume wanapima mahali tenti itasimama. Wengine wanalia. Kabla nifungue mdomo, Susu huyo anatokea upande wa mto, jembe begani. Akaona kuni. Akaona machozi. Na katika hiyo nyumba tunaishi wawili tu, yeye na mimi.

Akatupa jembe. "Mueni wakwa! Mueni wangu ameniacha!" Akaketi chini kwa vumbi, akalia kilio chenye sijawahi kusikia.

Sasa fikiria wenye walikuja kumlilia. Mama Mutuku aliangusha sukari akapita katikati ya ua wa miiba, viatu akaviacha.

"Susu! Niko hapa!"

Mzee mmoja wa tenti, kamba bado mkononi, akauliza, "Kwani ni nani amekufa?"

"Hakuna mtu."

"Na hiyo picha?"

"Nilikuwa nataka... maoni."

"Maoni ya nini?"

"Ya mwanga."

"Mwanga!" Mama Mutuku akapiga kelele kutoka nyuma ya ua. "Mtu mzee, peke yake, hana rangi, hacheki, na hakuna neno! Hapa kwetu hiyo ni picha ya nini?"

Susu akainuka, akajipangusa machozi na leso, akanijia mikono wazi. Nikadhani ananikumbatia. Akanizaba kofi. (Kwa marehemu, ako na mkono mzito.)

Halafu akaniambia niwashe simu nimsomee. Pole, pole, pole, kutoka kwa watu hawajui hata mlango wetu. Mjomba wangu wa Syokimau, mtoto wa Susu wa kuzaa, hakusema pole. Aliuliza ile shamba ya mto itabaki na nani. Susu akaniambia nirudie hapo. Nikarudia.

Mwalimu naye: "Mueni, hii ndiyo picha bora imewahi kuingia hapa. Kivuli kimekaa mahali pake. Ningekuchukua, lakini nimeiona pia kwa statasi yako bila neno, uko na msiba. Nafasi nimempa mwingine. Zika nyanya kwanza."

Nikampigia mbio. "Mwalimu, yuko hai!"

"Mungu asifiwe! Lakini huyo mwingine nishamwambia, Mueni."

Hapo ndipo nililia, na mimi. Nilikasirika sana, na hata sasa nimekasirika. Watu walikuwa wameenda. Hakuna aliyenipa pole.

Msinicheke, tafadhali. Tunakunywa chai ya sukari ya Mama Mutuku, na Susu amekataa niifute hiyo picha. Anasema ni nzuri, siku yake ikifika tutumie hiyo hiyo.

"Lakini siku hiyo, Mueni," ameniambia, "uandike."