Vichwa vya Punje Sitini na Tisa

Jumatatu, 14 Aprili
Theluji imekwisha kwa Bi Sletten. Kindi wa mashimoni wametoka, wamejaa malishoni kama wamealikwa. Miaka tisa sasa, kila majira ya kuchipua, ufunguo wa lango la malisho yake hukaa mfukoni mwangu mimi, niwapunguze kindi kwa bunduki. Leo kaniita, kasema shemeji yangu Arvid naye ameomba. Ng'ombe wanazaa, hataki wanaume wawili wenye bunduki. Basi Jumamosi tutapiga karatasi, risasi tano tano, hatua mia mbili. Atapima kwa kifuniko cha mtungi wa matango. Atakayefunikwa matundu yote matano ndiye mwenye ufunguo. Arvid! Mtu anayefumba macho yote mawili akifyatua!

Jumanne, 15 Aprili
Nina mpango. Upepo wa huku haujui kupumzika. Arvid atajaza maganda yake ya risasi kwa vichwa vyepesi kama kila mtu, na upepo utavipeleka mpaka jimbo la jirani, Dakota. Mimi niliagiza vizito jana ile ile. Vichwa vya risasi hupimwa uzito kwa punje, na wenzetu huchukua punje arobaini au hamsini. Mimi sitini na tisa!

Boksi limefika mchana. Virefu, vya shaba, ncha kama sindano. Nimeweka kimoja kwenye mizani: sitini na tisa. Kingine: sitini na tisa. Vyote mia, hakuna hata kimoja kilichokosea! Nimepigwa butwaa. Binadamu gani ana mkono kama huo? Marlys kasema kwa miaka thelathini na moja ya ndoa sijamtazama yeye hivyo hata siku moja. Kisha kanifukuza mezani na baruti yangu. Nimehamia gereji.

Jumatano, 16 Aprili
Mpango wa pili, wa kumla chenga Arvid. Nimeandika kwenye kikaratasi, "Siri ya Jumamosi: arobaini tu, nyepesi, usimwambie mtu." Nimekiangusha mkahawani chini ya kiti chake. Kuhusu baruti sikuandika kitu. Kipimo cha baruti kikikosewa bunduki hulipuka usoni; huo si mchezo, huo ni uuaji. Uzito tu.

Kakiokota. Kakisoma. Kakitia ndani ya kofia. Nimerudi nyumbani nikiimba. Maskini, nilimwonea hata huruma kidogo.

Alhamisi, 17 Aprili
Nimepitia dukani kwa Knute kununua fataki za kuwashia baruti. Kaniuliza najaza nini. Nikajivuna, nikamwambia. Akavua miwani. Kasema bunduki yangu na ya Arvid ni pacha, marehemu mkwe wangu alizinunua hapo hapo siku moja, na mitutu yake ni ya zamani, inazungusha risasi polepole. Kichwa kifupi kinatosheka. Kizito ni kirefu, nacho kirefu kinataka kuzungushwa kwa kasi, la sivyo kitapinduka hewani. "Lyle, ndugu yangu, chukua arobaini ukalale," kasema.

Nikamwambia majedwali ya vitabu vyake yameandikwa na watu wasiojua upepo. Akavaa miwani, akaendelea kuhesabu misumari.

Ijumaa, 18 Aprili
Nimejaribu moja nyuma ya gereji, hatua ishirini. Tundu limetoka refu kidogo, kama tundu la kifungo. Nadhani upepo ulikunja karatasi. Sikupiga nyingine, vitu vizuri namna hii havichezewi.

Jumamosi, 19 Aprili
Upepo mkali. Safi kabisa.

Arvid kaanza. Kafumba macho. Matano yote chini ya kifuniko, na nafasi ikabaki! Nikajiambia ni bahati.

Nikapiga yangu. Tukaenda kuangalia. Mbili hazikuonekana popote. Moja ilikuwa kwenye nguzo ya uzio. Na mbili… jamani, sijui niandikeje. Zilipita ubavu! Umbo zima la risasi kwenye karatasi, ncha huku, mkia kule, kama mtu aliyelala kwenye theluji akaacha alama yake. Wangapi duniani wamewahi kuona risasi imechora picha yake yenyewe? Nilipiga magoti. Bi Sletten kainama pia, kauliza kama nilizirusha kwa mkono.

Kisha Arvid katoa kikaratasi kutoka kofiani. Kashukuru mbele ya wote. Kasema aliujua mwandiko wangu, na kwamba hakuna shemeji mwingine ambaye angemfanyia wema huo kwa siri. Machozi yalimlengalenga. Bi Sletten kampa ufunguo. Miaka tisa.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Arvid kaja kula nyama ya paja la nguruwe kwetu, kaleta boksi la vichwa vya punje arobaini na fungu la maua. Maua ya Marlys. Kasema hawezi kufurahia malisho yale peke yake, ameongea na Bi Sletten, naye amekubali: Jumamosi nipige tena tano, zikienea chini ya kifuniko, ufunguo ni wangu. Moyo mkubwa namna ile, na miaka yote nimemsema! Nikamkumbatia mpaka kofia ikaanguka.

Jumatatu, 21 Aprili
Nimewaza sana. Kosa nimeliona: sitini na tisa zilikuwa bado nyepesi, ndiyo maana upepo ukazipindua. Nimeagiza za themanini! Zitafika Ijumaa. Boksi la Arvid nimelirudisha kwa shukrani nyingi. Mtu akipewa nafasi ya pili na watu wema kama hawa, hawezi kuichezea kwa punje arobaini.