Mikono Yangu Haina Neno

Jumatatu, 4 Machi

Nimetukanwa leo. Kwa adabu, kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya madaktari wote. Lakini nimetukanwa.

Mama Sabuni amerudi kutoka masomoni. Ni muuguzi wa kuzuia maambukizi. Jina hilo nimempa mimi na hospitali nzima imelipokea, isipokuwa yeye. Akasimama na picha zake ukutani, akaeleza kwamba vijidudu sugu vinazidi, kwamba dawa tulizozitegemea miaka yote sasa vinazicheka, na dawa mpya zinazokuja ni chache mno. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni daktari kunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Kila mgonjwa! Akaongeza kwamba mikono mirefu ya makoti yetu inasomba uchafu kitanda hadi kitanda, ingefaa ikatwe kwenye kiwiko. Alisema hayo akinitazama mimi.

Mimi ni mkuu wa wodi ya upasuaji ya wanawake. Nilikuwa napasua watu huyu mama akiwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Mikono yangu haina neno. Nikienda kupasua nanawa mpaka kiwiko, sibishi. Siku nyingine nanawa nikifika na nikiondoka. Yatosha. Kunawa kati ya kitanda na kitanda ni kazi ya watu wasio na kazi.

Halafu likaja la maana. Daktari Mkuu akatangaza kwamba imefika mashine mpya ya kunyonya vidonda. Moja tu. Kidonda kinajazwa sponji, kinafunikwa plastiki, mrija unaunganishwa, na mashine inavuta majimaji kutwa kucha mpaka nyama mpya iote. Nimeisoma sana hiyo. Naitaka! Anayeitaka mwingine ni Bwana Mifupa, daktari wa mifupa wa wodi ya jirani. Mtu wa kucheka ovyo, anayefikicha mikono kwa dawa kila saa kama anayesubiri kupakuliwa chakula.

Daktari Mkuu akasema mashine bila mikono safi ni pambo. Ijumaa wodi zote mbili zitakaguliwa, na itakayoshinda ndiyo itakayoichukua. Bwana Mifupa akacheka. Nikasokota masharubu. Tutaonana.

Jumanne, 5 Machi

Sababu yangu ya kuitaka mashine imelala kitanda cha dirishani. Shangazi. Ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufariki. Alinisomesha kwa cherehani ya kukanyaga, kutoka darasa la kwanza hadi nilipoitwa daktari. Utotoni niliwahi kuingiza kidole gumba chini ya sindano yake ikiwa mbioni. Kovu lipo hadi leo, limekata kidole katikati.

Sasa ana kidonda mguuni. Mguu wa kukanyagia. Sukari imemsumbua kwa muda mrefu. Kila nikidhani kidonda kimeanza kufunga, kinachafuka upya. Nimebadili dawa. Nimebadili bandeji. Nimemgombeza mpishi wa hospitali. Leo Daktari Mkuu amenivuta pembeni akataja, kwa sauti ya chini, kuukata mguu. Nimemjibu vibaya. Kisha nikarudi kwa Shangazi.

Shangazi ananijua, amelisoma usoni mwangu. Ameniuliza kama ukikatwa ni nani atakayemkanyagia cherehani, mimi na haya masharubu? Nikamwambia haukatwi. Kisha nikaishika bandeji nimfungue, akaniuliza kama nimenawa. Ananiuliza hivyo tangu nikiwa na meno ya utoto. Nimemwambia nimenawa. Nilinawa kweli, asubuhi.

Jumatano, 6 Machi

Bahati imesimama upande wangu!

Nilikuwa nyuma ya kabati la faili (kwa shughuli zangu). Mama Sabuni akapita na Daktari Mkuu, akimweleza mbinu ya ukaguzi. Ana kopo la mafuta yasiyoonekana. Yakipakwa mahali huyaoni, lakini ukimulika kwa taa ya zambarau yanang'aa. Kesho mchana atayapaka kwa siri kwenye vyuma vya vitanda, mabomba na vitasa vya wodi zote mbili. Ijumaa atamulika. Panapong'aa, hapakusafishwa.

Nilijikausha mpaka wakaondoka.

Mpango ni huu. Kwangu, wasafishaji watasugua kila kitu kesho jioni. Kwa Bwana Mifupa, mtu mmoja mwenye akili atapita baada ya usafi na kuongeza mafuta. Wodi yake itang'aa kama ukumbi wa harusi. Mashine itakuja kwangu, Shangazi atapona, Bwana Mifupa atacheka na ukuta. Sioni kasoro.

Wengine wataita hii hila. Mimi naita upendo wa familia.

Alhamisi, 7 Machi

Imefanyika! Kopo nimeliazima kwenye kabati la Mama Sabuni. Hakuwapo wa kumwomba, kwa hiyo sikuomba.

Sikuvaa glavu. Daktari gani anatembea koridoni na glavu? Angeshukiwa mara moja. Nikachovya vidole vyote, nikaingia kwa Bwana Mifupa nikiwa mpole kupita kiasi. Nikamsalimia kila mgonjwa, nikashika kila chuma, nikasifia kila plasta. Bibi mmoja aliyevunjika paja aliuliza kama amebakiza siku chache, maana hajawahi kuona daktari wa wodi nyingine akija kumpa pole. Bwana Mifupa akatokea, akanipa mkono, akacheka, na hapo hapo akafikicha mikono yake kwa dawa. Mbele yangu! Nilijifanya sijaona.

Nikarudi kwangu kifua mbele. Wasafishaji walikuwa wamemaliza, vitanda vinateleza. Nikapitia wagonjwa wote kwa furaha. Huyu nikampapasa bega, yule nikamgusa paji, huyu nikamminya tumbo. Kwa Shangazi nikainua bandeji kidogo, nikaangalia, nikabonyeza pembeni, nikarudisha. Akaniuliza kama nimenawa. Nikamwambia kesho atapata zawadi. Akasema hakuuliza habari ya zawadi.

Nilipotoka nikakutana na Daktari Mkuu, nikamshika bega kumhakikishia ushindi. Nimesokota masharubu jioni nzima. Siku njema sana.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika haya kwa hasira. Si kwa aibu. Hasira.

Walianza kwa Bwana Mifupa. Mapazia yakafungwa, taa ya zambarau ikawashwa. Giza tupu! Pakang'aa komeo moja la dirisha, basi. Sikuamini. Nikauliza kama taa ni nzima. Bwana Mifupa akaeleza, akicheka, kwamba nikishatoka wodini kwake huwa wanafuta kila nilipopita. Ni utaratibu wao wa siku zote. Wa siku zote!

Tukaja kwangu. Vyuma safi, mabomba safi. Nikaanza kupumua. Kisha Mama Sabuni akainua taa kutoka kwenye vitanda akaielekeza kwa wagonjwa.

Bega likang'aa. Paji likang'aa. Tumbo likang'aa. Alama za vidole zilikwenda kitanda hadi kitanda, hakikurukwa hata kimoja. Wagonjwa wakaanza kushangilia, wakidhani ni matibabu mapya. Mmoja akauliza kama hiyo inamaanisha amepona. Pembeni ya mikono ya koti langu palikuwa na mstari mzima unaowaka. Daktari Mkuu akajitazama begani akaona kiganja kizima. Kisha wakanigeukia wote, na nikajiona kwenye kioo kilicho juu ya bomba. Masharubu yangu yalikuwa yanang'aa, yote mawili, mpaka kwenye ncha.

Wakacheka. Nami ningeweza kuvumilia hilo.

Lakini taa ikafika dirishani. Juu ya bandeji ya Shangazi vidole vyote vitano, na pembeni ya kidonda chenyewe kidole gumba, kikiwa na mstari mweusi katikati. Kicheko kikakatika. Shangazi akainama akakitazama kwa muda. Akasema kidole hicho anakijua, yeye ndiye aliyekifunga kitambaa siku kilipochomwa na sindano. Afadhali angenitukana.

Mama Sabuni hakupaza sauti. Alisema kama ningenawa mara moja tu baada ya kushika kopo, taa isingeona chochote. Kisha akasema, kwa upole uliozidi kuniudhi, kwamba leo tumeona mafuta, na siku zote zilizopita hatujui mikono hiyo ilipaka nini.

Nilimjibu kwamba taa ina hitilafu. Nikaondoka.

Jumatatu, 11 Machi

Mashine imekwenda kwa Bwana Mifupa. Kopo nimeamriwa nilirudishe na nimelirudisha, kichwa juu. Nimeandika barua ya malalamiko yenye hoja nzito. Daktari Mkuu hajaisoma. Amesema nibaki na wodi yangu kwa sharti moja, ninawe kama wengine. Nimemwambia nitalifikiria.

Pigo kubwa ni hili. Shangazi ameomba mwenyewe kuhamishiwa kwa Bwana Mifupa. Aliondoka akisukumwa kwenye kiti, akipungia wodi nzima kama bibi harusi. Mimi hakunipungia.

Mchana nimekwenda kumjulia hali. Mlangoni pameandikwa hakuna kuingia kabla ya kunawa. Nimekataa. Mtu lazima asimame mahali! Nikasimama mlangoni, nikazungumza naye kwa kupaza sauti. Nikamuuliza kama mashine inauma. Akapaza naye kwamba haiumi, inanguruma tu, inamkumbusha mimi nikiwa mtoto nimelala. Nikamuuliza kama amekula. Wodi nzima ikanijibu kwamba amekula.

Jumatatu, 18 Machi

Bado nazungumza kutoka mlangoni. Sauti imeniisha. Wagonjwa wa Bwana Mifupa wamenizoea, wananifikishia salamu kitanda kwa kitanda, na zinafika zimeharibika.

Leo bandeji ilikuwa inabadilishwa. Shangazi akaagiza nije nione. Bwana Mifupa akaniita kwa mkono, na safari hii hakucheka. Nikatazama bomba. Likanitazama.

Nimenawa. Si kwa sababu yao. Maji yalikuwa pale.

Kidonda ni chekundu, safi, kimejaa nyama mpya mpaka karibu juu. Hakuna usaha. Hakuna harufu. Sijawahi kukiona hivyo. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau jina lake. Shangazi akachukua mikono yangu, akainusa, kiganja na nyuma yake, kama alivyokuwa akinifanyia kabla ya kula. Akasema haya sasa, baba. Machozi yalinitoka. Niliwaambia sabuni imeniingia machoni.

Nikiwa njiani kurudi nimefikiri sana. Nimegundua jambo. Bila mpango wangu Shangazi asingehamishwa, na asingehamishwa asingepata mashine. Kwa hiyo nimeshinda! Ajabu hakuna aliyeliona hilo.

Jumatatu, 8 Aprili

Shangazi yuko nyumbani. Anatembea. Jana nilimkuta kwenye cherehani, anakanyaga kwa mguu ule ule, taratibu, huku akinikemea nisiguse kitambaa. Nimefurahi mpaka nimesahau kubishana.

Amenishonea koti jeupe. Ndilo vazi lake la kwanza tangu atoke hospitali. Mishono imenyooka, mifuko mipana, na mikono imekatwa kwenye kiwiko. Amesema nilivae kila siku kazini, na kwamba atamuuliza Mama Sabuni. Kumbe sasa ni marafiki, hao wawili.

Leo nimelivaa. Siwezi kumvunja moyo. Nimelivaa juu ya lile la zamani, mikono mirefu ikitokeza chini, na nimezunguka wodi nzima hivyo. Nimeheshimu familia na nimelinda msimamo. Mama Sabuni amenitazama, kisha ameandika kitu kwenye daftari lake.

Daktari Mkuu ametangaza ukaguzi mwingine Ijumaa. Mashine itahamia wodi itakayoshinda, na safari hii itakuwa yangu. Kopo nililirudisha, ndiyo. Lakini hakuna aliyeniuliza kama lilikuwa limejaa. Kiasi kidogo nilikibakiza kwenye kichupa, kiko kwenye droo ya meza yangu.

Nimekifungua sasa hivi kuhakikisha mafuta hayajakauka. Hayajakauka, yamenimwagikia mikono yote miwili. Bomba liko hatua chache tu, lakini sina muda, wagonjwa wananisubiri. Nimejifuta kwenye koti jipya. Hakuna atakayeona.