Eti Mimi Gumegume!

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimetukanwa! Yeremia wa bodaboda, rafiki yangu, karudi kutoka Kitangari na habari kwamba Mzee Bonifasi, mjomba wa Dominika, kaniita mwanamume gumegume. Mbele ya watu! Mimi, Gwakisa, mwenye meza ya mitumba pale sokoni Newala! Mji mzima nimeshautangazia kwamba Dominika ni mchumba wangu. Hata muuza chapati anamwita shemeji. Kilichobaki ni kuoa tu.

Na mchele nilipeleka. Gunia zima la Kyela, kwa baba yake. Alipokea, akashukuru, akala. Ulipoisha ndipo akaniambia kwamba huku neno la binti liko kwa mjomba wake. Kwetu Tukuyu angelisema hilo kabla ya kupika!

Jumanne, 7 Oktoba
Mwalimu Wilhelmina, anayefundisha Kiswahili sekondari, kaja kuchagua sketi. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza gumegume ni nini. Akasema ni lile jiwe la kutoa cheche kwenye bunduki za zamani, na bunduki zenyewe zikabeba jina hilo. Unafyatua, jiwe linagonga chuma, cheche, moshi, na mara nyingine basi. Risasi haitoki. Mnyama anakutazama, anaondoka zake. Ndipo watu wakamwita hivyo mwanamume asiyefaa kitu, makeke mengi, kazi hakuna. Alinitazama kwa huruma, akanunua sketi bila kuomba apunguziwe.

Sasa najua la kufanya. Mzee anataka kusikia mlio!

Alhamisi, 9 Oktoba
Nguruwe pori wanamaliza mihogo ya Mzee Bonifasi. Nikanunua fataki kubwa ya kuwafukuza. Niliificha nyuma ya pipa la maji ili mwenye nyumba asiione. Akili nyingi!

Yeremia kanipakia hadi Kitangari. Mzee alikuwa anaokota korosho. Nikamwambia asimame mbali, aone gumegume inavyolia. Nikawasha. Ikatoa fsss. Moshi. Basi. Unyevu wa pipa! Nguruwe hata hakuwepo. Cheche moja ikaangukia majani makavu chini ya mkorosho, yakashika. Mimi nilipiga kelele. Yeremia akauzima moto kwa miguu yake, kimyakimya, kisha akainama kuendelea kuokota korosho na mzee. Kumbe huwa anamsaidia! Mzee kamwita mwanangu. Mimi hakuniita chochote.

Njiani kurudi nilimwambia Yeremia viatu vyake vimeungua. Akasema si kitu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Dominika kaja mezani, macho mekundu. Kasema mjomba wake amechoka na maneno ya mji, na Jumapili baada ya ibada anataka kulimaliza jambo la kuolewa kwake. Atakayefika na mjomba wake, wazee wakaongea kwa utulivu, ndiye atakayesikilizwa. Mjomba wangu yuko mbali, basi nitafute mzee yeyote asimame badala yake. Kaniomba nije asubuhi, kimya, bila mbwembwe. Kasema ananipenda, ila hawezi kumpinga mjomba wake. Nikamwapia kwamba nitafika.

Jumamosi, 11 Oktoba
Sijatulia. Nimekaa, nimesimama, nimekunja suruali zilezile mara tatu. Kimya? Mwanamume akiingia kimya, nani atajua kwamba ameingia? Nimekodi gari la matangazo kutoka Masasi! Spika mbili juu, mshereheshaji ndani. Atanitaja jina kuanzia barabarani. Asubuhi gari lina kazi nyingine, litafika saa nane mchana. Si mbaya, watu watakuwa wameamka wote. Mzee wa kusimama kama mjomba nitampata hukohuko.

Siri hii nimemwambia Yeremia peke yake.

Jumapili, 12 Oktoba
Saa nne asubuhi. Nasubiri gari. Yeremia kapita na pikipiki, nyuma kampakia mjomba wake kutoka Chiungutwa, mzee mpole aliyevaa kanzu safi. Wanaelekea Kitangari. Eti wana maongezi madogo. Aliona aibu, sijui kwa nini, akaniuliza kama nina koti la kumtosha yeye mwenyewe. Nimemwazima lile la kijivu, zuri kuliko yote, na tai juu. Nimemwomba akifika amwambie Mzee Bonifasi asiondoke, kuna jambo kubwa linakuja.

Rafiki wa kweli, Yeremia. Ila masikini, hana makeke kabisa. Sijui ataoa lini.