Somo la Kusubiri

Kwa niaba ya Kamati Maalumu ya Mtaala Unaotokana na Mazingira, ambayo nilikuwa mjumbe wake halali na chai yake niliinywa, ninayo heshima kuwatangazia wananchi wa Ngonga kwamba tatizo la kukosa mwalimu wa hisabati limekwisha. Limefanywa somo.

Somo lenyewe linaitwa Kusubiri. Linaanza darasa la kwanza hadi la saba, lina mada kuu, mada ndogo, umahiri mahususi na vigezo vya upimaji, na halihitaji kitabu, chaki wala mwalimu. Mwalimu akifika, somo linaharibika.

Naomba nieleze lilivyoandaliwa, maana kuna watu pale Bondeni, kwenye mabenchi ya kahawa, wanaosema Kamati ilikuwa ya kula tu. Huo ni uzushi. Tulikula, halafu tukafikiri.

Mimi nilikuwa Mwakilishi wa Jamii. Cheti sina. Natengeneza baiskeli, na nilichosoma nimekisoma kwenye magazeti ambayo Mama Raudha anafungia maandazi, ndiyo maana habari nyingi za nchi hii nazijua nusu, zikiwa na mafuta. Niliteuliwa kwa sababu kila mkutano wa hadhara nilikuwa nasimama kuuliza swali moja: mwalimu wa hisabati wa Ngonga yuko wapi? Wakubwa wakaona mtu wa namna hiyo akipewa kiti chenye kitambaa cheupe na chupa ya maji, atakaa. Nikakaa.

Nina ugonjwa mmoja tu, sisahau. Naukumbuka mtaala wa jembe, tulipojifunza kilimo cha kisasa kwenye shamba la mwalimu mkuu. Naukumbuka mtaala wa kuku, na wakaguzi waliokuja kuukagua nawakumbuka vizuri zaidi, kwa kuwa walipoondoka kuku hawakuwepo. Naukumbuka mtaala wa kompyuta. Ilifika Ngonga kabla ya umeme, ikawekwa ofisini, ikafunikwa kitambaa cha kudarizi, na mpaka leo watoto wa darasa la kwanza wakipita wanaiamkia.

Namkumbuka pia kijana mmoja mrefu mwenye begi la bluu. Aliripoti Ngonga kufundisha hisabati mwaka ule maji yalipoingia hadi kanisani. Alilala usiku mmoja, mbu wakamfanyia mapokezi, asubuhi akaomba ruhusa ya kwenda masomoni. Nilimvusha kwa baiskeli hadi barabarani. Njia nzima alikuwa ameshika suruali yake kwa vidole viwili viwili, kaipandisha juu ya magoti, hata pale palipokuwa pakavu. Hakurudi. Ila kwenye orodha ya walimu yumo: yuko masomoni. Na kwa kuwa yumo, Ngonga haiwezi kuletewa mwingine, maana nafasi imejaa.

Turudi kwenye Kamati.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni mjini Kyela, wakati wa kiangazi, viyoyozi vikiunguruma. Mtaalamu wetu alikuwa Dakta Sylvester, kutoka makao makuu, bingwa wa falsafa za mitaala. Alituambia ndiyo mara yake ya kwanza kufika huku na kwamba hewa ni nzuri. Kisha akaelekea ubaoni, juu ya vigae vinavyong'aa, akipandisha suruali yake kwa vidole viwili viwili.

Nikafungua chupa yangu ya maji. Mwakilishi wa Jamii kazi yake ni kukaa.

Falsafa ya Dakta ilikuwa nyepesi hata mimi nikaielewa. Mtaala wa kigeni humfundisha mtoto asichokuwa nacho. Mtaala wetu lazima uanze na kilichopo. Sasa, Ngonga kuna nini? Tukataja mpunga, kokoa, ndizi, mbasa kutoka ziwani. Dakta akatikisa kichwa. Hivyo ni vyakula. Akataka tutaje kile ambacho kila mtoto wa Ngonga anakifanya kila siku bila kufundishwa. Afisa mmoja akasinzia, mwingine akasema kuogelea. Dakta akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KUSUBIRI.

Siku iliyofuata aliitwa Marta kuwa Sauti ya Mzazi. Marta ni mkulima wa mpunga na kokoa wa Ngonga, mama wa Kisa, na Kisa wakati huo alikuwa anakaribia kuingia la saba. Tulimpa dakika chache na soda.

"Mwanangu mwakani ana mtihani," alisema. "Kusoma anajua, kuandika anajua. Sehemu na asilimia hajawahi kufundishwa. Nimekuja kuomba mwalimu."

"Mama, hebu tulitazame upya," Dakta akamwambia. "Mtoto amemsubiri mwalimu tangu lini?"

"Tangu darasa la nne."

"Na hakuacha shule?"

"Hakuacha."

Dakta akatugeukia, macho yamemjaa maji. "Waheshimiwa, umahiri ndio huo."

Kamati ikapiga makofi. Marta akangoja yaishe. "Baba, huo umahiri utamfikisha sekondari?"

Akaelezwa kwamba sekondari ni mtazamo wa kizamani, siku hizi tunatazama matokeo ya kujifunza. Marta akainuka, akasema ndaga fijo, kwa ile sauti mama zetu wanayotumia kumshukuru mgeni aliyemwaga mchuzi kwenye mkeka. Mlangoni akaniuliza, "Na wewe kaka, umekaa tu?" Nikamjibu nimekaa. Soda aliiacha.

Kazi ikaenda kasi. Darasa la kwanza: kusubiri dawati, umekaa chini. La tatu: kusubiri kitabu. La tano: kusubiri mvua ikatike, somo la vitendo, linafanyika chini ya paa la shule hiyohiyo. La saba, kilele cha elimu ya msingi: kusubiri mwalimu. Vigezo vya upimaji: mwanafunzi haangalii saa wala jua, hatingishi mguu, haulizi "lini". Anayeshindwa anarudi kuanza la kwanza.

Mwongozo nao ukaandikwa. Kifungu cha saba kilisema ni marufuku kuondoa kinachomsubirisha mwanafunzi, kwani kufanya hivyo ni kumnyang'anya zana ya kujifunzia. Cha nane kilisema zoezi hukoma pale tu kinachosubiriwa kinapofika chenyewe, kwa miguu yake. Hapo ndipo nilipofungua mdomo kwa mara ya kwanza. Nikaomba iongezwe kwamba vifungu hivi vinamhusu kila aliyepo eneo la shule, bila kujali cheo. Dakta akanisifu mbele ya wote. Jamii, alisema, imeanza kumiliki mchakato.

Mara ya pili nilifungua mdomo walipopanga uzinduzi ufanyike Aprili. Nikasema Aprili Ngonga ni maji. Nikajibiwa kwamba mtaala unatokana na mazingira, ila uzinduzi unatokana na ratiba.

Basi Aprili ikafika, na Mkurugenzi wa halmashauri naye akafika, Bi. Jubilate, mgeni rasmi, kwenye gari refu jeupe, Dakta Sylvester akiwa kiti cha nyuma. Walipita vizuri mpaka kwenye kona ya mwisho, shule inaonekana, kwaya imeshaanza. Gari likaingia kwenye majaruba ya shule kama kiboko anayerudi kwake. Magurudumu yakazama, maji yakagusa mlango.

Gwamaka alikuwa jirani tu na maksai wake. Akaja na mnyororo, anacheka, maana kazi hiyo kila masika anaifanya. Mwalimu mkuu, Ambrose, akamnyooshea mkono asimame.

Lazima mumjue Ambrose. Waraka ukisema jua litachomoza magharibi, Ambrose atageuza madawati, kama yangekuwepo. Akafungua Mwongozo, akasoma kifungu cha saba kwa sauti. Gari limekwama ndani ya eneo la shule. Lililokwama linasubirisha. Kinachosubirisha ni zana. Gwamaka akakunja mnyororo wake, akachuchumaa.

Ambrose akawapanga la saba juu ya tuta, kila mmoja na karatasi, wafanye upimaji. Kule shuleni akina mama walikuwa wamepika wali na mbasa, wameufunika kwa majani ya mgomba. Harufu ilifika kwenye gari vizuri sana. Lakini kwetu mgeni hapelekewi chakula njiani kama mfungwa. Anakula akishafika na kukaa.

Bi. Jubilate akateremsha kioo. Kisa, ambaye sasa alikuwa la saba, akamsalimia shikamoo, akaandika kitu.

"Marahaba. Unaandika nini, binti?"

"Vigezo, mama. Umeangalia saa. Umetingisha mguu. Unarudi la kwanza."

"La kwanza wanasubiri nini?"

"Dawati, mama."

Mkurugenzi akatoa kichwa nje, akamwuliza Ambrose watavutwa lini. Kisa akaandika tena. Ambrose akaeleza kwa heshima zote kwamba mikono yake imefungwa, mpaka kitimie kifungu cha nane.

"Kifungu cha nane ametunga nani?"

Kiti cha nyuma kikakohoa.

Maji yakaanza kuingia miguuni pa wakubwa. Bi. Jubilate si mtu mjinga, na viatu vyake vilikuwa vipya. Akauliza darasa hili linasubiri nini hasa, ili kije, zoezi liishe. Marta, aliyekuwa amesimama majini na khanga ameikunja kiunoni, ndiye aliyejibu.

"Mwalimu wa hisabati. Mtihani ni Septemba, mama. Mwanangu harudii la saba."

"Mbona rahisi? Mwalimu aliyepangiwa hapa yuko wapi? Namwagiza sasa hivi aripoti."

Nikanyoosha mkono. Mara ya tatu.

"Mheshimiwa, orodha inasema yuko masomoni. Ila mimi namwona kiti cha nyuma."

Dakta akacheka kidogo, akasema mzee huyu anamfananisha na mtu mwingine. Nikamtajia mwaka wa maji kanisani. Nikamtajia begi la bluu. Nikamtajia baiskeli yangu, na kona hiihii aliyoapa hataikanyaga tena maisha yake. Akawa anafungua mdomo kukanusha, na maji yakamfikia soksi. Mikono ikashuka yenyewe. Vidole viwili huku, viwili huku, suruali ikapanda juu ya magoti.

"Dakta," alisema Mkurugenzi, taratibu. "Ni kweli?"

"Nilikuwa masomoni."

"Masomo yaliisha lini?"

"Mama," Kisa akasema kutoka kwenye tuta, "umeuliza tena lini."

Bi. Jubilate akapandisha kioo nusu. "Sylvester, shuka."

Akashuka. Alifika mwenyewe, kwa miguu yake, kama kifungu kinavyotaka, tope hadi magotini, na watoto wakampokea kwa wimbo uliotungwa kwa ajili ya mgeni rasmi, kwa kuwa huo ndio waliokuwa nao. Gwamaka akafunga mnyororo. Maksai walilivuta gari kinyumenyume, likageukia mjini, na uzinduzi ukaahirishwa hadi itakapotangazwa. Wali waliula watoto.

Wenye midomo watasema Kamati ilishindwa. Nakanusha. Dakta anafundisha sehemu na asilimia kila asubuhi, na lazima niseme ukweli, anafundisha vizuri, jambo linalonikasirisha zaidi kuliko angekuwa hajui. Jioni anawafundisha tena la saba, maana Marta huja na kigoda chake, anakaa mlangoni, na haondoki mpaka Kisa amalize mazoezi. Dakta aliomba aletwe mwingine wa kumpokea. Makao makuu walimjibu haraka sana: nafasi ya Ngonga imejaa. Akaomba uhamisho. Walimjibu kwamba ombi linafanyiwa kazi na kwamba, akiwa mwasisi wa mtaala, wana imani atakuwa mfano.

Kwa hiyo somo la Kusubiri halijafutwa. Lina mwanafunzi mmoja.

Juzi nilipita shuleni kumrekebishia Ambrose mnyororo wa baiskeli. Dakta alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, anatazama ile kona. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimesikia lolote mjini, gari la kutoka makao makuu linakuja lini.

Ndani ya darasa Kisa hakuinua uso. Alikuwa anagawanya sehemu kwa sehemu, ulimi nje.

"Mwalimu," akasema, "hiyo tukuandikie, au tujifanye hatujasikia?"